Samaki Aliyemzuia Rutebuka Kunywa Maziwa

Wenzangu wa Makobola, mmeniuliza mmoja mmoja mpaka nimechoka kujibu nusunusu. Nilisema naenda siku tano, nikakaa ishirini na tatu. Shemeji yangu alishaanza kuuzoea mtumbwi wangu, na nasikia kuna aliyepeleka jina langu kwa katekista ili niombewe. Namshukuru, lakini niko mzima, tena nimenenepa. Basi nimekaa chini niandike safari yote, msomeane wenyewe, nami niende ziwani kwa amani. Habari za kibali na kusimama mbele ya dirisha la teritware, ofisi ya serikali, naziruka. Mnazijua, na hazina utamu.

Kisa chenyewe ni Rutebuka. Wazee wenzangu wanamjua kwa jina: ndiye aliyenibeba mgongoni kule Abisinia wakati wa vita. Kwa wasiojua, tulikuwa askari wa plotoni moja, mimi mvuvi wa hapa, yeye mchungaji wa Rurambo, kule milimani juu ya bonde la Ruzizi. Kwao ng'ombe ni sehemu ya ukoo, na mtu aliyekula samaki hanywi tena maziwa ya ng'ombe wa nyumbani. Akinywa, wanasema, chuchu zitakauka na ndama watakufa. Rutebuka alikula samaki vitani, na alimpokea mkononi mwangu. Aliporudi hakumwambia mtu. Alisema daktari wa jeshi alimkataza maziwa, na kwa miaka kumi na miwili akala viazi na maharage huku akiwatazama watoto wake wakinywa.

Sasa kiangazi hiki akaja mnunuzi wa ndagala, hawa dagaa wetu, na ujumbe wake. Baba yake amezeeka na anagawa ng'ombe kabla ya mvua. Siku hiyo mrithi hunywa maziwa mbele ya ukoo wote, kisha anakabidhiwa zizi. Rutebuka hawezi kunywa, na asiponywa ng'ombe wote watakwenda kwa baba yake mdogo, ambaye ameshatangaza kwamba nusu atawashusha bondeni wakauzwe. Rutebuka ana wana watatu. Bila ng'ombe hakuna atakayeoa. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Wilondja, kuya. Weye peke yako ulikuwako."

Makobola hadi Uvira: koti na gunia

Mke wangu, Mama Furaha, alinifungia gunia la ndagala wakavu, wale wazuri wa mwezi uliopita.

"Mama Furaha," nikamwambia, "hawa bantu habakulyake samaki. Njo ile mambo yenyewe niko naendea."

"Habayaonja ya Makobola," akajibu. "Weye utafika kwa muntu alikubeba ku mugongo na mikono mitupu? Batasema nini juu yangu?"

Nilipigana na Waitaliano, lakini sikuona sababu ya kufungua vita nyumbani kwangu. Nikatwika gunia kichwani. Mwilini nilivaa lile koti langu la jeshi, maana milimani kuna baridi, na lile koti ndilo lililonichelewesha siku ya kwanza. Kila kijiji nilichokaribia, wanaume walitoweka, wakidhani askari wa kodi amefika. Niliona majiko yana moto, mihogo inachemka, na hakuna mtu. Mahali pamoja mama mmoja mzee, aliyeshindwa kukimbia, alinikabidhi kuku wawili kabla sijafungua mdomo.

"Mama, minye siombi kuku. Niko mupita njia."

"Chukua tu, baba. Tulishatoa kodi ya mwaka huu, lakini chukua."

Ilinibidi nikae kwake, nile mihogo yake, nimweleze kwamba vita vilikwisha na mimi navua ndagala tu. Alinisikiliza vizuri, akaitikia kila neno, na nilipoondoka akanifuata na wale kuku mpaka mtoni. Niliona aibu. Tulipokuwa vijana tulipenda kuogopwa, na hakuna aliyetuambia kwamba woga ule ungebaki barabarani miaka yote hii. Nikavua koti, nikalifunga juu ya gunia, na jua likanichoma mpaka Uvira.

Huko Uvira, bandarini Kalundu, nilimpata baharia aliyevuka kutoka Kigoma na mizigo ya chumvi. Aliponusa gunia langu macho yakamng'aa. Nikafikiri: ng'ombe wanapenda chumvi kuliko kitu chochote, na huyu anapenda ndagala. Tukabadilishana gunia kwa gunia, kila mmoja akiamini amemshinda mwenzake. Nilijisifu peke yangu hadi nilipolala.

Uvira hadi bondeni: lori la pamba

Lori lilikuwa linakwenda tupu kuchukua pamba huko bondeni. Dereva alikuwa mtu wa maneno. Alituapia kwamba tutafika kabla ya chakula cha mchana, na hakusema cha siku gani. Tulipita Kiliba vizuri. Mbele kidogo springi ya nyuma ikavunjika, lori likainama upande kama mtu anayesikiliza ukutani, na hapo tukakaa siku mbili nzima tukingoja springi nyingine kutoka Uvira.

Tulikuwa abiria saba. Tulikula mahindi ya kuchoma na miwa, kisha mahindi tena. Dereva alipogundua kwamba nilikuwa askari, akataka vita. Alitaka mizinga, mabendera, na wazungu wakiinua mikono.

"Waliinua mikono," nikamwambia. "Kweli. Tulishinda, na majenerali wao walitoka nje kujitoa kwetu. Siku ile nilikuwa hospitali ya hema, nimelala."

"Sasa weye uliona nini?"

Nikamwambia nilichoona. Niliona mashua siku nyingi juu ya mto mkubwa, halafu jua la Sudani lililotupasua midomo, halafu matope. Niliona mlima ambao adui alikaa juu na sisi chini. Mvua iliponyesha, malori ya chakula yakazama nyuma yetu, na wali ukawa vijiko vitatu kwa mtu. Miguu ya watu ilivimba. Wengi niliowazika hawakuuawa na risasi, waliuawa na tumbo. Na katika shida yote ile, kila siku ya posho, yule mchungaji wa Rurambo alichukua kipande chake cha samaki mkavu kwa vijiti viwili, asikiguse, akanipa mimi. Mimi nikampa maharage yangu. Wenzetu walimcheka sana, nami nilicheka pamoja nao, maana nilishiba.

Dereva alitema makapi ya muwa. Kisha akasema hiyo si vita, ni njaa tu.

"Njo vile," nikamwambia.

Springi ilifika siku ya tatu, ikafungwa kwa kamba na matusi, na jioni nikashushwa Mutarule.

Mutarule: chumvi juani

Mutarule nilipokelewa na mjane mmoja mkulima, Mama Domitila, aliyekuwa akipokea wapita njia wa misheni. Ni Mkatoliki wa kweli, msemaji wa Kirundi, na hana subira na mwanaume mchafu. Kabla sijamaliza kusalimu akashika pua.

"Weye unapeleka wapi hii harufu?"

"Rurambo, mama. Ni chumvi, kwa ng'ombe ya rafiki yangu."

Akafungua gunia, akainamisha uso, akalifunga haraka. Hapo ndipo nilipoona upumbavu wangu. Yule baharia alihamisha samaki wake kwenye gunia lake, na mimi nikamimina chumvi kwenye gunia la ndagala. Siku tatu kwenye jua la lori, chumvi ilikuwa imekunywa samaki mpaka punje ya mwisho. Nilikuwa nawapelekea watu wasiogusa samaki zawadi ya samaki wa unga. Mvuvi pua yake imekufa, hajui.

Mama Domitila hakunicheka mbele ya watu, alinicheka jikoni, nikasikia. Asubuhi aliitandaza chumvi yote kwenye mikeka juani, akaigeuza mchana kutwa kama mpunga, akaimimina kwenye kapu jipya. Koti langu alilitundika juu ya moshi. Mimi mwenyewe alinitupia majivu na kunionyesha mto. Nilioga mara tatu, kila nikirudi ananinusa na kunirudisha. Chakula chake kilikuwa ugali wa mtama na maharage yenye mafuta ya mawese, na sitakisahau.

Jioni ya pili, tukikoboa mahindi, akaniuliza kama vitani nilikutana na kaka yake, ambaye hakurudi. Alinitajia jina. Sikumjua. Tulikuwa maelfu, nikamwambia, na kila mtu alijua plotoni yake tu.

"Mulikuwa munalala fasi gani?" akauliza.

"Chini, mama. Tulilala wawili wawili mugongo ku mugongo, sababu ya baridi."

"Basi hakulala peke yake."

"Hapana. Hakuna mutu alilala peke yake."

Alirudi kwenye mahindi yake. Nilifurahi kwamba jambo hilo moja nililijua kwa hakika, na kwamba lilikuwa kweli.

Kupanda Rurambo

Kupanda kulinichukua siku mbili, na paja langu lenye risasi ya zamani lilinikumbusha kila jiwe. Chini joto, katikati migomba, juu ukungu na nyasi fupi na baridi inayopita kwenye vifungo. Nilivaa koti langu bila aibu, maana huko juu sikukutana na mtu wa kumtisha, ila mbuzi.

Rutebuka alikuwa akinisubiri kwenye kona ya njia, amekaa juu ya jiwe na fimbo yake magotini. Nilimwona kabla hajaniona. Amekonda, nywele zimeanza kupauka, mabega ni yale yale. Tulishikana tukapigana migongo. Kisha akaninusa.

"Umeoga," akasema.

"Mara tatu. Banilazimisha."

Akacheka kile kicheko chake cha kupitia puani. Lakini tulipoanza kutembea, akasimama akanishika mkono. Macho yake hayakunitazama.

"Ndugu yangu, sikia. Kesho, baba atakuuliza. Sema nilikuwa sina akili, homa ilinikamata, weye ukaniwekea samaki mu kinywa. Kama muntu hakujua, iko dawa, wananisafisha siku moja inaisha. Lakini kama nilikula na akili yangu, dawa hakuna."

"Nitasema vile," nikamjibu.

Sikusita hata kidogo, nataka mjue hivyo. Mtu yule alinibeba siku mbili. Angeniomba niseme kwamba samaki alimrukia mwenyewe mdomoni, ningesema.

Rurambo: mbele ya mzee

Baba yake Rutebuka ni mtu mfupi, mkali, kipara, na Kiswahili chake alijifunza sokoni akiuza siagi, kwa hiyo kila anachosema kinasikika kama anapinga bei. Alipokea chumvi, akaionja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikamwombea Mama Domitila baraka zote. Mama yake Rutebuka, mrefu na kimya, ndiye mwenye vyombo vya maziwa. Hakuna anayegusa chombo bila yeye. Baba mdogo alikaa karibu na mlango, kanzu safi, na tabasamu la mtu aliyeshahesabu. Ukoo ulijaa uani.

Rutebuka alisimama mbele yao, akasema mwenyewe kwa sauti: "Baba, mu vita nilikula samaki. Daktari hakunikataza kitu. Nilikudanganya." Watu waliguna. Wanawake waliokaa karibu na vyombo walisogea nyuma. Mzee hakumtazama. Alinigeukia mimi.

"Weye njo ulimupa?"

"Njo minye, muzee."

"Sema."

Nikaanza uongo wetu, na nilianza vizuri. Nilieleza kwamba tulitumwa watu wanne kuvuka kijito chini ya mlima, kwamba walitupiga risasi kutoka juu, kwamba wenzetu wawili hawakuinuka tena. Mimi nilipigwa pajani. Mvua ikanyesha, kijito kikafurika, na kompania yetu ng'ambo ikarudi nyuma ikiamini tumekufa wote. Yote hayo ni kweli. Kisha nikasema Rutebuka alishikwa na homa kali, akapoteza fahamu kabisa, hakujua mchana wala usiku, nami nikamlisha.

Baba mdogo akainua kidole taratibu.

"Minye ninauliza tu. Huyu hakuwa na akili. Weye ulikuwa na risasi mu muguu. Sasa nani alibeba nani?"

Uani vichwa vyote vikanigeukia. Ile hadithi ya kunibeba waliijua wote, Rutebuka aliwasimulia mara mia, ndiyo sifa yake pekee ya vita. Mtu asiye na fahamu amembeba mwenzake siku mbili. Hatukuwa tumefikiria hilo, wala mimi wala yeye, maana sisi ni askari wa kawaida, hatukufundishwa kupanga uongo. Nikamtazama Rutebuka. Alikuwa amefumba macho.

Mzee akasema, "Sema tena. Sasa sema ile ya kweli."

Nikasema. Maneno yalitoka bila kutafutwa.

Nikasema kwamba siku ya tatu Rutebuka alikuwa hajala kitu ila majani. Alinipandisha mgongoni akaanguka. Akanipandisha tena, akaanguka tena. Mara ya tatu alilia. Nikamwambia aniache, aende peke yake, nami nilitaka kweli aniache kwa sababu maumivu yalikuwa yamenichosha. Akakataa. Ndani ya mfuko wangu kulikuwa na samaki wakavu wanne, wamelowa mvua, hakuna kingine. Moto hatukuweza kuwasha. Nikamnyooshea. Akasema hapana. Nikamwambia basi tufe wote, ni sawa.

"Akakaa saa nzima, muzee. Halafu akasema, lete. Alikuwa na akili yake yote. Lakini hakula hivi hivi. Kila kipande alikata, kabla hajaweka mu kinywa, alitaja ng'ombe moja ya hapa nyumbani, akaomba musamaha. Minye nilikuwa nimelala pale chini, nilisikia yote. Bihogo, unisamehe. Gaju, unisamehe. Halafu Gitare. Halafu Sine. Halafu Rugondo. Samaki ikaisha, lakini hakunyamaza, akasema, Mayenzi, na weye unisamehe. Halafu akanibeba."

Mzee aliinua uso. "Ulisema Mayenzi?"

"Mayenzi, muzee. Ya mwisho."

"Mayenzi ilizaliwa siku tatu kabla ya yeye kwenda ku jeshi," akasema. Hakusema nami sasa, alisema na mkewe. "Siku tatu tu aliiona. Minye nilifikiri amekwisha kuisahau."

Mama yake Rutebuka alikuwa amejifunika uso kwa nguo yake. Baba mdogo alifungua mdomo, na mzee akamnyamazisha kwa mkono bila kugeuka. Alinitazama mimi kuanzia kichwani hadi kwenye paja, kama anayetazama ng'ombe mnadani.

"Hii muntu njo mutoto wangu alikulia samaki sababu yake," akasema. "Weye unakulya samaki kila siku?"

"Kila siku, muzee. Kule kwetu hakuna ingine."

"Muzuri. Basi weye utakunywa wa kwanza."

Uamuzi wake ulikuwa huu, na hakuna aliyemsaidia kuufikia: mimi mla samaki nikae kwake, ninywe maziwa ya ng'ombe mmoja tu, mjukuu wa yule Bihogo, asubuhi na jioni, siku tisa. Samaki nisiguse. Ng'ombe akipunguza maziwa au ndama wake akiugua, Rutebuka hatarithi. Akibaki kama alivyo, basi ng'ombe wamesamehe. Baba mdogo alikubali upesi sana. Alikuwa na hakika.

Siku tisa na mjukuu wa Bihogo

Ndugu zangu, mimi sipendi maziwa. Sijawahi kuyapenda. Siku ya kwanza nilipewa chombo kirefu cha mti, cheusi kwa moshi, nikamaliza nikajiona nimemeza ziwa. Jioni chombo kingine. Tumbo langu likaanza kuongea lugha ya Rurambo. Lakini kila nilipoinua macho nilimwona Rutebuka amesimama mbali, ananitazama koo, na nikameza.

Hakuna mgonjwa aliyewahi kutunzwa kama yule ng'ombe. Nilimletea nyasi mwenyewe. Nilimkinga na nzi. Niliongea naye Kiswahili cha pwani ya ziwa, nikamweleza shida yetu waziwazi. Baba mdogo alifika kila wakati wa kukamua, akainama, akahesabu mapovu.

Siku ya nne jioni maziwa yalipungua. Chombo hakikujaa, kilibaki vidole viwili. Baba mdogo alirudi kwake akipiga mluzi. Rutebuka alikwenda kukaa nyuma ya zizi. Nilimfuata, tukakaa mgongo kwa mgongo kama zamani. Nilimwomba Mungu kwa ajili ya chuchu za ng'ombe, jambo ambalo katekista wetu hajanifundisha.

Mzee peke yake hakutaharuki. Kila jioni alikuja kukaa nami, akitaka habari za Abisinia. Nikadhani anataka vita. Nikaanza na mizinga, akanikatiza.

"Apana. Ng'ombe yao. Pembe iko namna gani?"

Nikamweleza pembe, nundu, rangi, namna walivyochungwa. Jioni zote tisa aliuliza ng'ombe wa Abisinia. Ile jioni ya nne akaongeza tu kwamba mchana walikuwa wamemchungia mjukuu wa Bihogo upande wa mwamba, ambako nyasi ni mbaya, na kwamba aliyempeleka huko ni mtoto wa baba mdogo. Kesho yake alimchunga mwenyewe, kipara chake kwenye baridi.

Siku ya tano chombo kilijaa. Siku ya sita kilijaa. Siku ya nane kilimwagika, na ndama alikuwa anaruka ovyo na kugonga watu. Siku ya tisa mzee alimwita ndugu yake akamue kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya wote. Alikamua. Povu lilipanda, likapita ukingo, likamchuruzika kwenye kanzu. Akakiweka chombo chini akasema, kwa kweli alisema vizuri, "Ng'ombe imekubali. Minye ni nani?"

Siku aliyokunywa Rutebuka

Asubuhi iliyofuata walitoa ng'ombe wote nje, wakasimama kwenye ukungu. Mama yake alitoka na chombo ambacho alikuwa amekifukiza tangu alfajiri kwa nyasi zenye harufu nzuri. Rutebuka alivaa nguo safi.

Mzee alionja kwanza, akampa. Rutebuka akakishika, akatazama ndani muda mrefu, halafu akakiinua na hakukishusha. Tuliona koo lake likipanda na kushuka. Mtoto wake wa mwisho, ambaye tangu azaliwe hajamwona baba yake akinywa maziwa, alianza kucheka kwa mshangao. Chombo kikaisha. Rutebuka akafuta midomo kwa mkono, machozi yanamtiririka hadi kidevuni, na mzee akampa fimbo ya zizi bila hotuba yoyote. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilipiga kelele kama siku tuliyoambiwa Waitaliano wamejitoa, na hii ilinifurahisha zaidi, maana hii niliiona kwa macho yangu.

Alitaka kunisindikiza hadi Mutarule. Haikuwezekana. Miaka kumi na miwili bila maziwa, tumbo lake lilishasahau kazi. Kabla jua halijapanda alikuwa ameshakimbilia vichakani mara mbili, fimbo ya urithi mkononi, na ukoo mzima umekaa uani unacheka, hata baba mdogo. Nilimuaga akiwa njiani kurudi kutoka safari ya tatu, uso umepauka, jasho linamtoka. Tulishikana. Nikamwambia apumzike, aanze kidogo kidogo, kesho ni siku pia.

Nikaanza kushuka. Nilipofika kwenye ile kona ya jiwe nikageuka. Alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha, amechoka kabisa, na amemnyooshea mama yake chombo kitupu kwa mikono miwili. Sauti yake ilinifikia vizuri kwenye ile hewa ya baridi.

"Mama," alikuwa anasema, "ongeza."